Mistari Miwili ya Apolline

Mtu akizidisha ujanja huliharibu hata lile alilolijua tangu mwanzo. Apolline wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliyaona hayo kwa macho yake mjini Mbarara, siku ya mashindano ya kuandika programu. Mshindi angesomeshwa kompyuta mwaka mzima, naye Apolline hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia shule.

Kazi ilikuwa moja: kompyuta iamue maziwa yapi yapokewe na yapi yakataliwe. Wiki nzima kabla ya siku hiyo Apolline alirundika masharti, "kama" juu ya "kama", hadi mwenyewe akapotea humo. Siku moja akamsikia mama yake, Ancilla, muuza maziwa, akimwambia mfugaji wa Endiinzi aliyeleta maziwa, "Kama hayiyachacha na hayina mayi, nitaikamata. Ingine yote, urudishe nayo."

Apolline aliduwaa. Mama asiyewahi kugusa kompyuta alikuwa ameikata kesi kwa pumzi moja. Binti akafuta mistari arobaini, akabakiza miwili.

Ukumbini Mbarara, mshindani aliyeketi kando yake, Patrice, kijana Mrundi mwenye ulimi mwepesi, alichungulia akacheka. "Dada, ni hiyo tu? Miye niko na mistari mia."

Apolline aliisoma tena mistari yake miwili, akaiacha ilivyo.

Mwamuzi, Bwana Mutware, aliingiza habari za maziwa safi. Kompyuta zao zote mbili zikajibu: pokea. Kisha akaingiza maziwa ambayo hayajachacha lakini yametiwa maji. Ya Apolline ikajibu: kataa. Ya Patrice ikajibu: pokea.

Patrice aliipekua programu yake. Katikati ya msitu wa mistari yake alikuwa ameandika yapokewe kama hayajachacha au hayana maji. Kwa hiyo sifa moja njema ilitosha kuyapitisha. Apolline aliandika "na", basi.

"Nani nafundisha wewe hii?" Bwana Mutware aliuliza.

"Ni mama yangu," Apolline alijibu, kichwa juu. "Anauzisha maziwa kule Nakivale."

Nafasi ya masomo ikawa yake. Patrice alimpa mkono, kisha akaomba aione tena ile mistari miwili. Jioni Ancilla alisikiliza habari zote, akajifunga kitenge upya na kutembea kwa majirani, nyumba hadi nyumba, akiwaeleza kwamba kompyuta ya Mbarara inapima maziwa kwa maneno yake. Nani angembishia? Akili nyingi huondoa maarifa.