Amana za Bi Jumaina

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa wafinyanzi aliishi mja mwema, Bi Jumaina. Alikuwa mwaminifu mno, na kwa uaminifu huo kila aliyekuwa na safari au shughuli alimwachia amana. Nyumbani mwake mlikuwa na mbuzi wa jirani yake Umm Harithi, majogoo watatu, magunia ya mtama, na kasuku aliyefunzwa kutoa salamu. Naye Bi Jumaina, kwa kuchelea kuacha wajibu, alimwitikia kila mara. Kila alipoletewa kitu alisema, "Lete tu, shoga, hainipi taabu."

Lakini kila siku jua lilipopinduka, kifua kilimbana, kichwa kikamgonga, na maneno yakamtoka kama maji ya moto. Yalimwangukia mama yake mzazi, Bi Khaula, kikongwe asiyeona. Siku moja mama aliomba maji mara ya pili, Bi Jumaina akapiga kelele, "Mama, nawe! Nina mikono mingapi mimi?"

Bi Khaula akasema, "Ijumaa msafara ukipita, nitakwenda kwa mdogo wako. Sina kinyongo, mwanangu. Ila nikibaki nitakuwa nacho."

Bi Jumaina akajiuliza: Nani ataiona Pepo bila radhi ya mama? Akakata shauri kwamba Shetani amehamia kwake. Akafunga, akasoma, akafukiza ubani mpaka kasuku akapiga chafya. Wapi! Alhamisi akamwendea mwalimu wake, Bibi Zamzam, akamwomba aje amsomee.

"Nitakuja," alisema Bibi Zamzam, "lakini nitakaa tu."

Akaja, akakaa pembeni. Ilipofika Adhuhuri, Bi Jumaina akahirimia sala. Alipokwenda kusujudu, majogoo wakawika. Alipoinuka, kasuku akasema, "Asalaam alaikum!" Alipofika rakaa ya mwisho, nusu ya msala wake wa ukindu ilikuwa imeliwa na mbuzi. Na alipomaliza kwa kutoa salamu upande wa kulia, kasuku akaitikia.

"Umemwona Shetani, Bibi?"

"Shetani ana madhambi mengi, mwanangu, tusimbebeshe na haya. Huyu ni mbuzi. Anakupa taabu?"

"Hapana, Bibi, hani..." Bi Jumaina akakwama.

"Basi mwaminifu wa mji mzima husema uongo mara kumi kwa siku, na adhabu yake anaipata mama yake."

Mara hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Umm Harithi, na bata wanne kikapuni. "Shoga yangu, siku mbili tu!"

Ulimi wa Bi Jumaina ukaanza wenyewe, "Lete t..." Akamtazama mama yake, aliyekuwa akipapasa nguo zake azikunje kwa safari.

"Umm Harithi, wallahi nimechoka. Bata siwapokei. Na mbuzi nakuomba umchukue leo."

Umm Harithi akabaki kinywa wazi. "Kumbe! Mimi nilidhani unampenda! Nimekuwa nikiona huruma kuwatenganisha!"

Akajitwika kikapu cha bata, akamkamata mbuzi kwa pembe, akaenda zake bila kinyongo. Wenye majogoo na wenye mtama nao wakaitwa, wakaja wakachukua vyao. Kasuku alibaki, kwa kuwa mwenyewe alikuwa Hija, na amana ni amana.

Ijumaa njuga za ngamia zikasikika njiani. Bi Jumaina akaja na kata ya maji, akaketi miguuni pa mama yake.

"Mama, msafara huo unapita."

"Mimi ni kipofu, si kiziwi," alisema Bi Khaula. Akanywa polepole mpaka njuga zikapotea kabisa, kisha akanyoosha kata. "Niongeze."

Ndugu zangu waumini, subira ni ibada, lakini kuficha uchovu si subira. Kifua kikikubana, tazama kwanza ulichokipokea kwa mdomo na moyo ukakikataa, kisha useme kweli kwa upole, kabla hajaumia asiye na kosa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye uzito wa kila mzigo.