Mtani Aliyelala Kaburini mwa Mfalme

Hapo zamani, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, watu wa Udole na watu wa Mbaga walikuwa watani. Akifa Mdole, Mmbaga huja msibani kumtukana maiti, na wafiwa hucheka huku wanalia. Ndivyo walivyofarijiana, na ndivyo nchi hizo mbili zilivyokaa bila vita.

Akafa Mfalme wa Udole. Kutoka Mbaga akaja mjumbe, Semgaya, pamoja na mdogo wake, Chanzi. Maiti hajateremshwa, Semgaya huyo, akarukia kaburini akajilaza.

"Sitoki! Hili langu! Huyu mchoyo wenu mtupeni kichakani, fisi wenyewe watamkataa! Mnataka nitoke? Leteni jogoo!"

Hakuna aliyecheka. Malkia Nakivo, binti wa marehemu, alikuwa ameshika jembe la kufukia. Akamshushia nalo.

Jamani! Semgaya akafa palepale, kicheko kingali mdomoni.

Mtani kuuawa msibani! Nani aliwahi kusikia?

Habari zikavuka mto. Mtemi wa Mbaga akaja na jeshi mpaka ukingoni. "Nipeni mwenye hatia kabla jua halijazama, awe wenu, awe wangu. Mmoja tu. Mkininyima, naichoma nchi."

Malkia akapiga magoti. "Ni mimi. Uchungu wa baba ulinipanda kichwani. Mkono uliomuua ni huu. Mungu anisamehe."

Waziri Kolowa akamshika bega. "Inuka, mwanangu. Ni mimi. Wageni wa mbali walitucheka, eti nchi gani hii inatukanwa na majirani? Nikaona aibu. Nikapiga marufuku utani, nikakufundisha kwamba kila tusi ni vita. Mbaga sikuwapa habari. Niliona si saizi yetu tena."

Chanzi, ambaye hakuwa amerudi kwao, akaangua kilio. "Nichukueni mimi! Hiyo marufuku niliisikia njiani. Nikaogopa kaka atasema, 'We mwoga, rudi kwa mama ukabebwe.' Nikanyamaza. Nikamtazama anaruka."

"Nyamaza, bwana mdogo," Waziri akamfokea. "Wewe hukushika jembe!"

"Kwani wewe mzee ulilishika?"

Jua likagusa milima. Ng'ambo, pinde zikavutwa. Wote watatu wakaingia majini wakisukumana, kila mmoja akitaka kutangulia.

Mtemi akapaza sauti: "Nimesema mmoja!"

Haya, ninyi mnaomcha Mungu, semeni upesi, jua linazama: nani alistahili kuvuka?