Samahani Moja ya Bi Kaniki

Sogeeni niwasimulie, maana shauri hili limenishinda kulikata peke yangu.

Milimani kwetu, barabara inaposhuka kwa kona kali, kulikuwa na binti wa miaka kumi na tisa, Nahena, mwepesi wa mikono na miguu. Mwalimu Shekiondo, aliyemfundisha udereva, alijaliwa jicho la kuiona hatari kabla haijafika. "Ukiona mpira unakatiza barabara, mwanangu, usiutazame mpira. Nyuma yake yuko mtoto." Baba yake Nahena, Mbelwa, alikuwa fundi, akilisikiliza gari tu, anajua linaumwa wapi.

Wiki ya pili baada ya kupata leseni, Nahena alikuwa akishuka na pikapu ya baba yake, imejaa kabichi. Ukungu ulikuwa umetanda. Ghafla mpira ukadunda mbele yake. Hakungoja. Alikanyaga breki, akakata usukani kushoto. Mtoto aliyekuwa akiukimbilia akapona. Lakini gari liliserereka hadi pembeni likamgonga Sefu, kijana aliyekuwa akipanga karoti zake za kuuza. Hospitalini wakamkata mguu.

Mwalimu Shekiondo alijilaumu. "Kwenye ukungu sikumpeleka hata siku moja, nami nikaandika kwamba yuko tayari."

Mbelwa aliinamisha kichwa. "Tairi la mbele nililiona limekwisha. Nikasema litavumilia hadi Ijumaa."

Nahena alilia. "Nilifundishwa nisipoona mbele nipunguze mwendo. Nilijua. Ni ile raha tu ya kuendesha peke yangu."

Wakaenda wote watatu kwa Bi Kaniki, mama yake Sefu. Walimkuta mlangoni na sindano, akipunguza mguu mmoja wa suruali ya mwanawe. Kila mmoja akasema, "Kosa ni langu, mama."

Aliwasikiliza bila kuinua uso.

"Msinikatie kosa vipande kama nyama ya shughuli," akasema. "Moyoni mwangu mna samahani moja tu. Mwenye kosa aingie, akamwombe mwanangu uso kwa uso. Wawili waliobaki waende zao, nisiwaone tena hapa."

Wote watatu wakapiga hatua kwa pamoja. Bi Kaniki akanyoosha mkono, akauziba mlango.

"Nimesema mmoja."

Haya, mnaonisikiliza: mwalimu, baba au binti? Ungekuwa wewe umekaa pale mlangoni, ungempisha nani?