Simba Awinda Shambani kwa Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na mabaraza kama sisi, Simba aliajiri mpishi, Bi Digidigi. Wanangu, hiyo ni kazi ya hatari.

Asubuhi moja Simba na shemeji yake, Fisi, walirudi mawindoni mikono mitupu. Walikuwa wamekwisha kula kila kilichokimbia mbugani.

"Bi Digidigi," Simba akasema, "samahani. Leo kitoweo ni wewe."

"Haya, bwana. Lakini nikiwa sufuriani, nani atachochea moto? Shemeji Fisi?"

"Aka! Moshi unaniumiza macho," Fisi akasema.

"Basi niwapikie kwanza cha kufungulia kinywa. Mkikikataa, nitaruka sufuriani mwenyewe."

Akatwanga kunde, twa! twa! Akatia vitunguu, tangawizi na pilipili, akafinyanga kababu, akazitumbukiza kwenye mafuta. Chwaaa!

Simba akaonja moja. Akamaliza sinia.

"Lo! Mnyama gani huyu?"

"Yupo hapa jirani, bwana."

"Ana pembe?"

"Hana."

"Ana mbio?"

"Hajawahi kukimbia hata hatua moja."

"Mjinga huyo!" Fisi akacheka, kwi kwi kwi! "Wako wengi?"

"Tele! Na ukiwamaliza leo, mvua zikinyesha wanarudi."

"Tupeleke!" Simba akanguruma.

Akawapeleka nyuma ya jiko, penye shamba lake. Simba akalala kifudifudi, akanusa upepo.

"Fisi, zunguka kule. Asitoroke!"

Wakatambaa, polepole, polepole.

"Sasa!"

Puuu! Simba akaangukia matuta, majani mdomoni. Fisi akaibuka na mikunde shingoni.

"Yuko wapi?"

"Umemlalia, bwana."

Simba akatazama chini. Akapasua ganda moja. Kunde zikamwagika.

"Umenilisha mboga! Mimi! Simba!"

Bi Digidigi akajibu: "Nimekulisha, na sinia umelilamba. Sasa chagua: unile mimi leo tu, au ule kababu kila siku."

Tumbo la Simba ndilo lililojibu: kruuu!

"Shemeji," Fisi akanong'ona, "huyu mwenyewe hata mkia wa kutafuna hana."

Simba akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kuna aliyetuona?"

"Hakuna."

"Basi chuma, shemeji, chuma! Na akija mgeni, mwambie mnyama huyu tulipigana naye sana."

Ndivyo ilivyo, wanangu: tumbo hukubali jambo jipya upesi kuliko majivuno.