Dakika Kumi za Kituo cha Bwera

Mwiba ni kitu kidogo, lakini wahenga waliotembea pekupeku walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake, jambo dogo likipuuzwa huzaa balaa. Hayo ndiyo yaliyompata Oryem, msimamizi wa kituo cha kupozea umeme kule Bwera, magharibi mwa Uganda.

Oryem, mtu wa miraba minne, aliwahi kuwa askari, na hakuna alichokiogopa. Msaidizi wake, Kathembo, baba wa watoto sita, alikuwa ameanza kuogopa. Tangu mvua za Machi, kila umeme ulipokatika, mitambo yote ilinyamaza jii isipokuwa safu ya masanduku ya chuma yaitwayo kapasita. Hayo yalitoa mlio mwembamba, kama mtu asagaye meno usingizini. Umeme uliporudishwa, taa za mji mzima zilimweka mara moja kwa weupe wa mfupa, redio zikapiga ukelele, na mbwa wakajificha uvunguni.

"Afande, umeme imekufa lakini ile kitu iko inalia," Kathembo alinong'ona. "Mule ndani beko batu," yaani mna watu.

Malalamiko yalipozidi, ofisi ya Kasese ilimtuma mhandisi Yayeri. Kwa siku nne aliunda mfano wa kituo kizima ndani ya kompyuta, kisha akakata na kuwasha umeme wa hesabu mara mamia. Kila mara mchoro wa nguvu ya umeme ulitulia kama maji mtungini, ukachomoza ncha moja kali, ukatulia tena.

"Mzee, hakuna mizimu," alimwambia Oryem. "Umeme ukikatika, masanduku yale hubaki yameshiba umeme, maana vifaa vya kuyamwaga vimechakaa. Ukiwasha upesi, umeme mpya unagongana na ule wa zamani na nguvu inapanda karibu mara mbili. Transfoma inaumia ndani. Nimeagiza vifaa vipya. Mpaka vifike, ngoja dakika kumi kabla ya kuwasha."

"Hiyo nguvu inakaa muda gani?"

"Haifiki kupepesa jicho."

Oryem akaangua kicheko. "Binti yangu, mimi nimepigiwa mabomu! Kitu haifiki kupepesa jicho itaniweza?"

Baadaye umeme ulikatika mara mbili, naye akawasha papo hapo, na hakuna kilichoonekana kuharibika. Kiburi kikamjaa kama pishi ya mtama.

Alasiri moja ukungu mzito uliteremka kutoka Rwenzori ukaumeza mji. Umeme ukakatika. Masanduku yakaanza kusaga meno. Simu ikalia: katika zahanati ya jirani, Mackline, mkunga, alikuwa na mama mezani, damu inamtoka, na jenereta lilikuwa limegoma.

"Afande, dakika kumi," Kathembo alisihi.

"Mtu anakufa, wewe unahesabu dakika? Kaa kando!"

Oryem akawasha. Ukungu wote uligeuka mweupe, ukiwaka kutoka ndani. Transfoma ililia kama fahali anayechinjwa, na kizibo chake cha kigae kikapasuka. Mafuta ya moto yakamrukia Oryem toka paja hadi unyayo. Kisha Bwera yote ikawa kimya, na kwa mara ya kwanza hata masanduku hayakulia.

Mama yule alipona. Mackline alimshona kwa mwanga wa simu tatu. Lakini mji ulikaa gizani siku kumi na tisa ukingoja transfoma nyingine, dawa zinazotunzwa kwenye jokofu zikaharibika, na vinu vya kusaga vikafungwa.

Yayeri alipokwenda kumjulia hali, alimkuta Oryem kitandani, mguu umevimba, umefungwa bendeji, hauwezi kukunjwa. Hakumlaumu. Oryem ndiye aliyeanza kuongea, machozi yakimlengalenga.

"Niliharakisha kwa sababu ya yule mama," alisema. "Lakini zile mara mbili nyingine, hapakuwa na mama. Nilikuwa nakucheka tu. Hizo ndizo zilikula transfoma."

Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.