Zimwi Lililoshonwa na Mkewe

Nisikilizeni, na wewe wa nyuma acha kurekebisha kanga, utarekebisha tukimaliza.

Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye mume wake alikuwa zimwi. Msicheke, sisemi hicho mnachokifikiria. Yule bwana alikuwa seremala, mtu mpole, hata kuku alikuwa anaomba achinjiwe. Lakini kila penye sherehe pale kwao yeye ndiye aliyekuwa zimwi, na mkewe ndiye aliyemshona.

Mambo yenyewe yalitoka kwenye televisheni. Kulikuwa na shujaa mmoja wa Kijapani, mrefu kuliko mnara wa simu, nguo ya kubana nyekundu na fedha, taa kifuani. Kila wiki linatoka zimwi kubwa kama mlima linabomoa mji, na yeye anashuka kutoka angani kupigana nalo. Taa ikianza kuwaka na kuzima ujue nguvu zinamwishia, na hapo watoto wote kilio. Mji unaokolewa, ingawa na yeye katika kupigana anakanyaga nyumba za watu, na sikusikia mtu akiuliza nani atazijenga. Basi watu wa pale wakampenda mpaka wakataka na wao wawe na wa kwao. Mdogo wake seremala akawa shujaa. Wakampaka suruali rangi ya mabati, wakamfunga tochi kifuani, wakamvika ndoo iliyotobolewa macho, na kila jicho wakalizibia kichujio cha chai. Haoni mbele, lakini anapendeza.

Zimwi sasa ndilo lililokuwa kazi. Ndani magunia ya katani, nje mipira ya matairi, mkia wa kuburuza, na kwenye mdomo wakaning'iniza kopo la makaa na vumbi la mbao ili litoe moshi. Zipu ya urefu ule hawakuipata. Kwa hiyo seremala aliingilia mgongoni, halafu mkewe akashika sindano ya magunia na kamba ya katani, akamshona kutoka kiunoni hadi kisogoni. Mchezo ukiisha alikuja na wembe kumfumua. Aliyeshonwa hivyo hajitoi. Mikono imo ndani ya makucha, na mgongo wako mwenyewe utaufikiaje?

Na walikuwa na desturi yao. Zimwi likishaanguka halinyanyuki. Watoto wanapita, kila mmoja anatoa teke lake, kisha zimwi linabaki limelala hapo hapo mpaka mgeni rasmi amalize hotuba. Hawakutaka watoto waone kwamba ndani mna mtu.

Siku moja walikuwa wanazindua kisima. Asubuhi seremala alipokwisha kuingia kwenye gunia akamwambia mkewe, "Mama Tumsifu, hili kopo linacheza. Ngoja nilitie waya mwingine."

"Mgeni keshashuka kwenye gari, Baba Tumsifu. Wewe kila siku huishiwi neno. Inama nikushone."

Akainama. Naye akamshona mishono ya karibu karibu, safi, maana siku ile kulikuwa na watu wa maana wa kuitazama. Kisha akaenda kukaa mbele, kwenye viti vya kuegemea, karibu na jirani yake.

Mchezo ukaanza. Shujaa akalipiga zimwi teke moja la tumbo, na tangu hapo zimwi likawa si lile walilolizoea. Lilijipiga kifua kwa makucha. Lilizunguka. Moshi, ambao siku zote ulitoka kidogo kama wa mzee mwenye kiko, ukawa unamwagika mdomoni, unatoka hadi kwapani. Watu wakasimama. Jirani akasema leo shemeji kaamua, na yule mwanamke akajisikia vizuri, akafunga kanga yake upya ili ajulikane ni mke wa nani.

Likaja mpaka mbele ya viti. Sauti ikitoka ndani ya mipira ile inakuwa kama ya ng'ombe, lakini aliisikia vizuri. Iliita, "Mama Tumsifu."

"Unaitwa na zimwi," jirani akamwambia.

"Mwambie nina mume," akajibu, kwa sauti ya kusikika. Watu wakacheka mpaka mgeni rasmi akavua miwani kufuta machozi. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Zimwi likageuka, likamng'ang'ania shujaa mabega, halimwachii. Shujaa na vichujio vyake akadhani kaka yake amebuni kitu kipya. Akajinasua, akaliwashia tochi, likaanguka kabla hata ya muda wake. Akaweka mguu shingoni mwake, kama alivyofanya siku zote. Watoto wakapanga mstari wa mateke. Tumsifu naye akapiga lake, la tumbo, akarudi kwa mama yake kuuliza kama ameona. Mama akamwambia ameona, hodari.

Mgeni rasmi akasimama kueleza faida za maji safi. Anajua kusema yule. Alikuwa amefika kwenye kipindupindu pale yule mwanamke alipopata harufu. Akavuta pumzi, akamwinamia jirani yake akamwambia mbuzi wa mgeni wameshaanza kuchomwa, nyama inanukia.

Jirani akageuka kutazama jikoni.

"Mbuzi gani? Si wale pale, bado wamefungwa."

Akatazama. Mbuzi walikuwa wawili, wamesimama kwenye kamba zao, wanatafuna majani ya mgomba.

Jamani. Mnajua mwili unapojua jambo kabla ya kichwa? Hakumbuki alivyonyanyuka. Alipita mbele ya mgeni rasmi aliyekuwa katikati ya neno. Utepe wa kisima uliokuwa ukimngoja mkubwa aukate, yeye aliukata kwa kifua chake, akanyakua ndoo ya maji, akammwagia mumewe. Kukatoka mlio ule wa sufuria la moto likiingizwa majini. Akatafuta mshono. Ulikuwa mshono mzuri, umebana, wembe haupiti. Akajikata vidole. Akafumua huku watoto wanapiga kelele, maana ndani ya zimwi kulikuwa na mtu, tena wengine walikuwa wakimwita baba mkubwa.

Nawaona mlivyonikodolea macho. Mnataka niwaambie kama alikufa. Mnapenda misiba ninyi. Angekufa, mwanamke angelia, mngempikia, arobaini ingepita na yangekwisha. Hakufa. Walimgeuza, ngozi ya kifua ikabaki kwenye gunia, akafumbua macho akamtazama mkewe.

"Nilikuita," akasema. "Pale mdomoni pana tundu la kutazamia. Nilikuona ukicheka."

"Nilidhani ni mchezo, Baba Tumsifu."

"Najua," akasema. Akafumba macho.

Haya. Huyo mwanamke alikuwa mbaya? Mimi sioni kuwa alikuwa mbaya. Alimpenda mumewe. Masikio alikuwa nayo, na aliisikia sauti, tena ilimtaja kwa jina. Sasa alikosa nini?

Nitawaambia. Alishajua yule ni zimwi. Ukishamjua mtu kuwa ni zimwi, akilia unasema limenguruma, akijipiga kifua unasema ndivyo linavyofanya. Akiungua, unasifu moshi.

Na sisi hapa, tuliovaa sare na kukaa mbele, tumewashona wangapi? Pale kwetu kuna mlevi. Akianguka mtaroni tunacheka, maana mlevi kazi yake kuanguka. Kuna mkwe wetu mwenye mdomo. Akipiga kelele tunafunga dirisha, tunasema kaanza tena. Kuna binti wa kwaya, mcheshi, siku hizi anacheka mno, anacheka hata pasipochekesha, na sisi tunasema huyo ndiye yeye, raha tupu. Nani amemwuliza? Tumewavika gunia, tukashona kwa mikono yetu, mishono mizuri, halafu tukaenda kutafuta viti. Na watoto wetu tumewapangia mstari waje wapige mateke.

Halafu jioni tunapiga magoti tunamwomba Mungu atusikie sisi.

Mimi sina la kuongeza. Kuna mtu nyumbani kwako amelalamika wiki hii, ukasema ndivyo alivyo. Unamjua. Unamfikiria sasa hivi, nakuona unatazama chini. Chai ipo, imechemka, wataigawa hapo nje. Wewe usiinywe. Nenda kwanza ukamwulize anaumwa wapi.