Kigari cha Shekimweri Kilichovishwa Pua

"Ukitaka mbio, usizibe pua." Mmeusikia msemo huu sasa hivi, mkaanza kutazamana kana kwamba umesemwa kwa lugha ya ndege. Haukushuka na mvua. Ulianzia kwa fundi cherehani mmoja wa Soni, milimani Usambara, na aliyeusababisha hakuwa mjinga wala mvivu. Kosa lake lilikuwa mapenzi. Kaeni vizuri, kisa chenyewe ni hiki.

Nyumbani kwa Shekimweri kila kitu kilivaa. Redio ilivaa, chupa ya chai ilivaa, na viti vilipendeza kuliko watoto wa jirani siku ya Idi. Adui yake alikuwa vumbi, na silaha yake ilikuwa kitambaa. Basi alipopata kigari chake kidogo, kizee, kilichokwisha kupita mikono ya watu wengi, alikitunza kama mboni ya jicho. Usukani ukavishwa, viti vikavishwa, hata kishikio cha gia kikapata kofia ya kufuma.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, barabara ikawa unga mwekundu mtupu. Nacho kigari kikaanza kuchoka. Tambarare kilikwenda, lakini kikiona kilima kilikohoa, kikatoa moshi mweusi, kikasimama. Siku moja abiria walishuka wakasukuma, na watu wa sokoni wakashangilia kama wanaotazama mpira. Shekimweri alicheka pamoja nao, lakini moyoni iliuma.

Iliuma kwa sababu harusi ya Hidaya ilikuwa imekaribia. Hidaya alikuwa binti wa dada yake, Mwajabu. Baba yake alifariki Hidaya angali mchanga, na Shekimweri ndiye aliyemlea. Katika ukoo wao bibi harusi hupelekwa kwa mumewe na mjomba, kwa chombo cha mjomba, kiwe punda au kiwe ndege. Na nyumba ya mume ilikuwa juu kabisa, njia ya Bumbuli, kwenye mlima ambao hata mbuzi huupanda kwa kupumzika.

Akamwendea jirani yake Kaoneka, fundi wa magari.

"Nataka nguvu, ndugu yangu. Kinifikishe juu siku moja tu, baada ya hapo kife kikitaka."

Kaoneka alifungua boneti, akatazama, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akafunga. "Dawa yake ni ekzosi," akasema. Akang'oa ile ya zamani, akaweka bomba nene kama mguu wa meza. Tangu siku hiyo kigari kikanguruma kama lori la magogo. Kuku walikimbia, wazee walishika vifua, na Shekimweri akaamini kwamba palipo na kishindo hicho hapakosi nguvu.

Siku ya harusi ikafika. Nyuma walikaa Hidaya na mama yake, mbele Shekimweri na Kaoneka, aliyekuja na suti yake endapo atahitajika. Wakaondoka kwa mngurumo wa kutangaza vita. Walipofika katikati ya mlima, mngurumo ukabaki, mwendo ukaisha. Kaoneka akaruka kwenda kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Hapohapo pikapu ya wakwe ikateremka kutoka juu. Walikuwa wamechoka kungoja. Kijana aliyeiendesha alisalimia kwa adabu zote, kisha akasema, "Mjomba, bibi harusi ahamie huku tu. Watu wamekaa, chakula kinapoa."

Shekimweri aliushika usukani kwa mikono miwili. Alitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ya kumlea yule binti, halafu amkabidhi njiani, kama mzigo ulioharibikiwa na usafiri!

"Ahsante, kaka," Hidaya akajibu kutoka ndani. "Nitafika na mjomba wangu, au nitatembea na mjomba wangu."

Mwajabu alikuwa ameshashuka. Akafungua boneti mwenyewe, akainama na mikufu yake yote.

"Dada, utachafuka," Shekimweri akasema.

"Niache. Hiki nini?"

Juu ya injini palikuwa na kitu cha duara, kimefungwa vizuri, kina pindo na vifungo vinne vya shaba.

"Hicho ni kifaa cha kiwandani, mama," Kaoneka akaeleza. "Nilikikuta humohumo."

"Kiwanda gani? Huu mshono naujua tangu tukiwa watoto. Kaka, umekishona wewe?"

"Ni kifuniko tu," Shekimweri akasema. "Pale ndipo injini inapovutia hewa. Niliona vumbi la mwaka huu litaniulia gari. Nikashona kitambaa cha marekani tabaka tatu, katikati nikatia sufi."

"Kwa hiyo vumbi haliingii?"

"Hata chembe!"

"Na hewa?"

Shekimweri akakitazama kile kifuniko. Akamgeukia fundi. "Si ulikiona ukakikubali?"

"Nilidhani ni mtindo wa kule yanakotengenezwa magari," Kaoneka akasema taratibu, akitazama viatu vyake. "Kimeshonwa vizuri mno, ndugu yangu. Niliona haya kuuliza."

Mwajabu alicheka mpaka akashikilia gari. "Jamani! Mnataka kikimbie, na mmekiziba pua!"

Vifungo vinne vikafunguliwa, Shekimweri akatia kifuniko mfukoni. Kigari kikapiga chafya moja, kikatema moshi wa mwisho, kikaondoka. Hakikupaa, tusidanganyane, kizee ni kizee. Lakini kilipanda bila kusita hadi uani kwa wakwe, vigelegele vikiwa vya Mwajabu kwanza. Shekimweri aliteremka akamfungulia Hidaya mlango, na furaha ikamfanya asahau kuzima injini.

Baada ya chakula, mzee Shemtoi, baba mkwe, akasimama kumpokea bibi harusi. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa moyo mweupe.

"Hidaya ana mkono wa biashara. Matunda anayouza, peasi na plamu, yanafika Tanga mjini. Nasi tunataka biashara hiyo ikue mpaka ijulikane nchi nzima. Ila hatutamchosha. Sokoni hatakwenda tena, wateja tutaongea nao sisi, simu tutampokelea sisi. Jua halitamgusa. Tutamtunza kama yai."

Watu wakapiga makofi. Hidaya aliinamisha kichwa, na Shekimweri akaona vidole vya binti yake vikibana ncha ya khanga. Akainuka. Kile kifuniko kilikuwa bado mfukoni mwake. Akakitoa, akakiweka mbele ya mzee Shemtoi.

"Mkwe wangu, hiki nilikishona kwa mapenzi. Nadhani sijawahi kushona kitu kizuri kuliko hiki. Leo nusura kiniaibishe mbele yenu." Akaeleza yote, bila kujificha, na watu wakacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. "Maneno yako nimeyapenda, kwa sababu ni mapenzi. Lakini naogopa na wewe unashona. Ukitaka mbio, usizibe pua."

Mzee Shemtoi alikigeuza kile kifuniko, akabonyeza sufi, akatazama vifungo. Kisha akamgeukia bibi harusi.

"Mwanangu, siku yako ya soko ni ipi?"

"Jumatano, baba."

"Basi Jumatano utakwenda."

"Nimpeleke mimi, baba?" bwana harusi akadakia. "Nikae naye pale, niwe nampokelea wateja?"

"We mtoto we," mzee Shemtoi akasema, "hujasikia mjomba alivyosema? Ukitaka mbio, usizibe pua."